Pale Mstari Unapopinda

Swali lenyewe huwa fupi. Kwenye karatasi kuna mhimili wa mlalo, mhimili wa wima, na mstari mmoja unaopanda, unatulia kidogo, unashuka, kisha unainuka tena. Fomula hakuna. Chini yake mwanafunzi anaambiwa achore, kwa kukadiria tu, derivativi ya pili ya fanksheni hiyo. Aliyezoea kupewa x kwa kipeo cha tatu toa 3x, akaipunguza hatua kwa hatua mpaka ikabaki 6x, hapa hujiona hana pa kushika.

Pa kushika papo. Ni rula.

Buyenzi, ambako swali hili hubishaniwa, ni mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, Burundi, na barabara zake zinajulikana kwa namba badala ya majina. Upande wa kaskazini unapakana na mto Ntahangwa. Ndani yake mna soko la Ruvumera, misikiti, gereji na maduka ya vipuri. Masomo ya sekondari huko ni ya Kifaransa, lakini ubishi juu ya masomo hayo, jioni, madaftari ya miraba yakiwa yamefunguliwa magotini, ni wa Kiswahili. Na swali la mstari usio na fomula linafaa sana kwa ubishi, kwa sababu halina mahali pa kujificha nyuma ya hesabu. Ama umeuona mkunjo, ama hukuuona.

Rula huwekwa iguse mstari katika nukta moja bila kuukata, kisha husogezwa polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Anayeisogeza anatakiwa asahau mambo mawili ambayo jicho linayapenda sana: mstari uko juu kiasi gani, na unapanda au unashuka. Aangalie kitu kimoja tu, rula inageukia wapi. Ikigeuka kinyume cha mishale ya saa, derivativi ya pili ni chanya, na mchoro wake unapita juu ya mhimili. Ikigeuka kufuata mishale ya saa, ni hasi, na mchoro unapita chini. Pale rula inaposita na kuanza kurudi ilikotoka, hapo ndipo mchoro wa derivativi ya pili unapoukata mhimili. Nukta hiyo huitwa nukta ya mgeuko.

Chukua hiyo x kwa kipeo cha tatu toa 3x, kuanzia −2 hadi 2. Mstari unaanzia chini, unapanda hadi kilele cha 2 pale x inapokuwa −1, unateremka hadi bonde la −2 pale x inapokuwa 1, kisha unapanda tena. Rula inaanza ikiwa imeinuka sana, mwinamo wake 9. Inalala taratibu, inapita kileleni ikiwa mlalo kabisa, inainamia upande wa pili, na ikifika kwenye sifuri mwinamo ni −3. Hapo inasita. Baada ya hapo yote yanarudi kinyume. Derivativi ya pili ya wimbi lote hilo ni mstari ulionyooka, 6x, unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia bila kuyumba. Mwanafunzi aliyechora wimbi jingine chini ya wimbi la kwanza, kwa kudhani kwamba mjukuu lazima afanane na babu, amekosa. Na aliyeweka sifuri chini ya kilele amekosa pia, ingawa kosa lake ni la kueleweka: kileleni kinachokuwa sifuri ni kasi ya kupanda, ile derivativi ya kwanza. Ya pili, kileleni hapo, ni −6.

Leibniz alipochapisha kanuni zake za kwanza mwezi wa Oktoba 1684, hakuishia kwenye tanjenti. Katika kurasa hizo hizo chache alieleza jinsi tofauti za tofauti zinavyoonyesha mstari umepinda kuelekea upande gani, na wapi unabadilisha upande. Kwa hiyo mkunjo haukuletwa baadaye kuwa pambo la somo. Ulikuwamo tangu siku ya kwanza.

Sasa mtego. Chora x kwa kipeo cha pili, ule mstari wenye umbo la bakuli, na umuulize yeyote aliyeketi barazani: umepinda zaidi wapi? Atagusa chini kabisa, kwenye kitako. Mikono ya bakuli, kadiri inavyopanda, inaonekana imenyooka. Kwa hiyo atachora derivativi ya pili yenye nundu katikati na pande mbili zinazodidimia. Jibu sahihi ni mstari mlalo kwenye 2, tangu mwanzo hadi mwisho.

Jicho halikudanganywa na mkunjo. Limedanganywa na pembe. Kutoka x ya 0 hadi 1, mwinamo wa bakuli hilo unatoka 0 kufika 2, na rula inageuka zaidi ya digrii 63. Kutoka 10 hadi 11, mwinamo unatoka 20 kufika 22, ongezeko lile lile la 2, lakini rula iliyokwisha kusimama karibu wima inageuka robo ya digrii tu. Pembe inakaribia 90 na haina tena pa kwenda. Ndiyo maana mwalimu mzuri huitumia rula kwa ajili ya alama tu, chanya au hasi. Ukubwa huutafuta kwenye miraba: ukisogea mraba mmoja kulia, rula inapanda miraba mingapi? Na ukisogea mmoja tena, imeongezeka mingapi? Kuhesabu miraba kunachosha, lakini miraba haijui pembe.

Kwa mji kama Bujumbura, ulio kando ya ziwa Tanganyika, zoezi hili lina mfano wake halisi, nao ni kimo cha ziwa lenyewe.

Ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba karibu 32,900. Sentimita moja ya maji, ikitandazwa juu ya eneo hilo, ni mita za ujazo zaidi ya milioni 320. Maji huingia kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa na kwa mito, Rusizi upande wa kaskazini na Malagarasi upande wa mashariki ikiwa mikubwa miongoni mwake. Hutoka kwa njia mbili: mvuke, ambao ndio unaochukua sehemu kubwa zaidi, na mto Lukuga unaopita Kalemie kuelekea bonde la Kongo. Hakuna mto mwingine unaotoka. Kila mwaka kimo hupanda tangu mvua zinaposhika, hufika kileleni Mei hivi, kisha hushuka kiangazi chote hadi Oktoba au Novemba.

Kimo ndicho fanksheni. Derivativi ya kwanza ni maji yanayoingia toa yanayotoka, yakigawanywa kwa eneo la ziwa. Derivativi ya pili, basi, inasema jambo moja: salio hilo linaongezeka au linapungua. Hapo ndipo wengi huteleza, na si wanafunzi peke yao. Mvua ikianza kupungua, ziwa halianzi kushuka. Linaendelea kupanda, ila kila wiki linapanda kidogo kuliko wiki iliyopita. Mwenye nyumba Kibenga au Kinindo, mitaa ya kando ya ziwa, anaona maji yakisogelea ukuta na anasema hali inazidi kuwa mbaya, na kwa kimo yuko sahihi kabisa. Lakini mstari wake tayari umeshapinda. Rula iliyokuwa ikigeuka kinyume cha saa imesita mahali fulani katikati ya msimu wa mvua, na sasa inafuata saa. Kilele bado kiko mbele, ila kimeshaanza kujengwa.

Mwisho wa kiangazi ni kioo cha hali hiyo. Mvua za kwanza zikishuka juu ya vilima vya karibu na Bujumbura, ziwa huwa bado linapungua. Mtu akienda kupima ufukweni ataandika namba ndogo kuliko ya jana, na grafu yake itakuwa bado inateremka. Ila inateremka kivivu. Derivativi ya pili ni chanya tayari.

Kuna mchoro mmoja wa ziwa hili ambao ungefaa kuwekwa katika kila kitabu cha hesabu cha Afrika Mashariki, nao ni ule wa nusu ya pili ya karne ya 19. Watu waliouishi ni mababu wa Buyenzi hasa. Wengi wa Waswahili wa Bujumbura wana asili ya Ujiji na Umanyema. Walikuja kwa ziwa, wakifanya biashara, kabla na baada ya Wajerumani kuweka kituo chao Usumbura, Bujumbura ya leo, mwishoni mwa karne hiyo. Wapelelezi Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858. Novemba 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapo hapo Ujiji, na mwezi huo huo wawili hao wakapanda mtumbwi kwenda kaskazini. Jiwe la Mugere, kusini ya Bujumbura, linakumbusha kwamba walilala hapo. Walichokuwa wakitafuta kilikuwa, kwa lugha ya somo hili, alama ya jumla au ya kutoa: mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Wakathibitisha kwamba unaingia.

Kama Rusizi inaingia, maji yanatokea wapi? Mpelelezi mwingine, Cameron, alifika Lukuga mwaka 1874 akakuta mkondo mzito uliozibwa na mimea inayoelea. Stanley alipita hapo mwaka 1876, akaona kizibo kile kile na akatabiri kwamba maji yatakipita. Ziwa lilikuwa likipanda miaka hiyo kwa sababu tundu lake lilikuwa limeziba. Mnamo 1878 kizibo kilivunjika. Edward Hore, mmishenari aliyekaa Ujiji, aliitembelea Lukuga mwaka 1879 akakuta mto unaokwenda kwa nguvu. Kufikia miaka ya 1890, uso wa ziwa ulikuwa umeshuka kama mita 10 kutoka kilele chake cha karibu mita 784 juu ya usawa wa bahari.

Weka rula juu ya mchoro huo. Kabla ya 1878 inaelekea juu. Kilele ni kikali, kwa hiyo rula inazunguka upesi kufuata saa: hapo derivativi ya pili inazama chini sana ya mhimili, kwa muda mfupi. Maji yanapokimbia yanaifukua njia, na njia ikifukuliwa maji yanazidi kukimbia. Kwa kitambo hicho kushuka kunazaa kushuka. Kisha mambo yanageuka. Kadiri kimo kinavyopungua, maji yanayoifikia Lukuga yanakuwa machache, mto unapoteza nguvu, na ziwa linashuka polepole zaidi kila mwaka. Rula inasita, inaanza kurudi, na mchoro wa derivativi ya pili unapanda juu ya mhimili na kukaa huko, ukididimia pole kuelekea sifuri. Katika sehemu kubwa ya miaka hiyo ambayo watu wa Ujiji waliona ufuo ukiwakimbia na mitumbwi ikiachwa juu ya mchanga, derivativi ya pili ilikuwa chanya. Leo anayekwenda kuona mnara wa Livingstone huko Ujiji hulazimika kutembea kitambo kabla ya kuyafikia maji.

Tangu hapo kuna vilele viwili vinavyostahili kutajwa, na vyote vilitokana na mvua, si na kizibo. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zilipandisha maziwa ya kanda yote. Ziwa Viktoria pekee lilipanda kiasi cha mita 2.5 hadi 1964, na Tanganyika likafika karibu mita 777. Zikaja mvua za mwisho wa 2019, pale maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika yalipopata joto lisilo la kawaida. Aprili 2020 Rusizi ilifurika mji wa Gatumba, jirani na Bujumbura. Mwaka 2021 ziwa lilivuka mita 776, na mwaka 2024 likakaribia tena 777, bandari na mitaa ya kusini ya Bujumbura ikiwa ndani ya maji. Ukilinganisha vilele hivyo na kile cha 1878, tofauti inaonekana hata kwa asiyejua namba. Kilele cha mvua kina mabega, kinapinda pole. Kilele cha kizibo kina ncha. Derivativi ya pili ya kilele cha mvua ni bonde pana, ya kilele cha kizibo ni shimo jembamba lenye kina kirefu.

Hapa inafaa kumtahadharisha kidogo aliyekwisha kunogewa. Derivativi ya pili ni dada mkali: kosa dogo kwenye kimo yeye hulikuza. Taasisi ya Jiografia ya Burundi, IGEBU, ndiyo inayofuatilia kimo cha ziwa upande huu, na mtu yeyote anayesoma mti wa kupimia maji anajua kwamba upepo ukivuma, mawimbi huupandisha na kuushusha uso wa maji mbele ya macho yake. Njia ya kupata derivativi ya pili kutoka kwenye jedwali ni nyepesi: chukua namba ya jana, jumlisha ya kesho, toa ya leo mara mbili. Sasa tuseme kila kipimo kinaweza kukosewa kwa sentimita 1 juu au chini. Kosa la jana, la kesho, na la leo mara mbili yanaweza kuungana yakawa sentimita 4. Lakini mkunjo wa kweli wa ziwa, kutoka siku moja hadi nyingine, ni sehemu ndogo sana ya sentimita. Anayechora derivativi ya pili kutoka vipimo vya kila siku atapata msumeno, meno juu na meno chini, na ndani yake hamna habari yoyote ya ziwa.

Dawa ni kurudi nyuma kidogo kutoka kwenye karatasi. Tumia wastani wa mwezi, au chora mstari laini unaopita katikati ya nukta, kisha ndipo uweke rula. Na hapo mkono wa mchoraji unakuwa sehemu ya jibu, jambo ambalo vitabu vya hesabu hupenda kulinyamazia: wachoraji wawili wenye akili timamu, wakipewa nukta zile zile, watapitisha mistari laini inayokaribiana sana kwa kimo, na inayotofautiana kwa mkunjo.

Upo mchoro mwingine ambao Buyenzi inao ukutani bila kuuita mchoro. Ni jedwali la nyakati za sala linalobandikwa misikitini, na ndani yake saa za kuchomoza jua na za Magharibi; tofauti yake ndiyo urefu wa mchana. Bujumbura iko zaidi kidogo ya digrii 3 kusini ya ikweta, kwa hiyo mchana wake mrefu kuliko wote, wa Desemba, unauzidi mfupi kuliko wote, wa Juni, kwa dakika kama 24 tu. Urefu wa mchana ukichorwa kwa mwaka mzima unatoa wimbi laini kabisa, lisilo na kelele ya upepo wala mawimbi. Machi na Septemba, mchana unapobadilika upesi kuliko wakati wowote, rula imeinama kwa kadiri ya juu kabisa na haigeuki: derivativi ya pili ni sifuri. Juni na Desemba mchana hauongezeki wala kupungua kwa kadiri ya mtu kujua, na hapo ndipo derivativi ya pili inapokuwa mbali na sifuri kuliko wakati wote. Ukiutoa wastani wa mwaka, mchoro wa derivativi ya pili ni wimbi lile lile, limepinduliwa.

Jambo hili lilijulikana miaka elfu moja na zaidi kabla ya Leibniz. Aryabhata, huko India mwaka 499, alitengeneza jedwali lake la saini kwa kanuni inayotegemea ukweli huo: tofauti za pili zinakwenda sambamba na saini yenyewe, kwa alama ya kutoa. Mwaka 665 Brahmagupta alizitumia tofauti za pili kukadiria thamani zilizo kati ya mistari miwili ya jedwali, na al-Biruni, katika kitabu cha falaki alichomtungia Sultani Masud wa Ghazna karne ya 11, alilishughulikia suala hilo hilo. Wote walikuwa watu wa majedwali ya nyota na jua. Hawakuwa na derivativi. Walikuwa na kutoa na kutoa tena, na subira.

Kutoa na kutoa tena kunatosha pia kwa Ruvumera. Soko kuu la Bujumbura lilipoungua Januari 2013, wachuuzi wengi na wateja wao walihamia masoko mengine, na Ruvumera likazidi kuwa mahali ambapo mji unapima bei. Kwa makadirio ya karibu, mfumuko wa bei Burundi ulikuwa wastani wa asilimia 19 mwaka 2022, ukapanda hadi 27 mwaka 2023, kisha ukarudi kama 20 mwaka 2024. Mtu akisikia redioni kwamba mfumuko umepungua, huenda sokoni na kurudi na hasira, na hasira yake ina hesabu ndani yake. Chukua kapu la bidhaa la faranga 1,000 kwa bei za 2021. Mwaka 2022 ni 1,190. Mwaka 2023 ni 1,511. Mwaka 2024 ni 1,813. Maongezeko ni 190, halafu 321, halafu 302. Tofauti za pili: 131, kisha −19.

Tazama namba hiyo ya mwisho vizuri. Asilimia imeanguka kutoka 27 hadi 20, anguko ambalo waziri yeyote angelitangaza kwa sauti. Mkunjo wa bei wenyewe, kwa faranga, umegeuka kidogo mno. Bei iliyopanda kwa 321 imepanda tena kwa 302, na kapu halijashuka hata faranga moja. Ni kweli kwamba kuna mgeuko, na ni kweli kwamba mnunuzi hajauona mfukoni. Hakuna anayedanganya, ila kila mmoja anasoma mchoro tofauti. Rais Nixon wa Marekani aliwahi kujitetea kwa namna hii mwaka 1972, alipotangaza kwamba kasi ya kuongezeka kwa mfumuko inapungua. Mwanahisabati Hugo Rossi, akiandika mwaka 1996, alisema kwa mzaha kwamba Nixon ndiye rais wa kwanza kutumia derivativi ya tatu kuomba kura. Ya tatu, kwa sababu mfumuko tayari ni ya kwanza ya bei. Barazani Buyenzi hesabu hiyo hufanywa kwa mchele na mafuta ya mawese, na hakuna anayeona haja ya kuipa namba.

Mtihani ukitaka kuwa mkali, hugeuza swali. Humpa mwanafunzi mchoro wa derivativi ya pili na kumwambia achore fanksheni yenyewe. Swali hilo halina jibu moja. Mistari isiyo na idadi ina mkunjo ule ule; ukiongeza juu ya fanksheni yoyote mstari ulionyooka, wa kupanda au wa kushuka, derivativi ya pili haitikisiki. Kupata jibu moja kunahitaji namba mbili zaidi: kimo kilikuwa kiasi gani mahali fulani, na mwinamo ulikuwa kiasi gani hapo. Ziwa linalopanda na kushuka kati ya mita 773 na 774, na jingine linalofanya hivyo hivyo kati ya 776 na 777, zina michoro ya derivativi ya pili isiyotofautiana hata kwa unywele.

Kibenga, kwa hiyo, namba ya kwanza haisameheki. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inataka mita 150 kutoka ukingo wa ziwa ziachwe bila majengo. Ukingo hupatikana kwa kimo, mkunjo hauusaidii kitu, na mahali ambapo ardhi huinuka mita moja kwa kila mita mia za kutembea, mita moja ya maji hula 100 kati ya hizo 150.